Maji ya Koki Yenu Yana Nini? Jinsi ya Kupima, Kusoma Majibu na Kuchagua Tiba Inayofaa

Arseniki haina rangi wala ladha. Nitrati nayo hivyo hivyo, na madini ya risasi yanaweza kuwamo kwenye glasi ya maji meupe pe bila ulimi kugundua lolote. Kinyume chake, maji yenye rangi ya kutu yanayowatia watu hofu mara nyingi yamebeba chuma tu, ambacho huharibu nguo zaidi ya kinavyodhuru mwili. Macho, pua na ulimi ni mashahidi dhaifu. Swali la "je, maji yetu ni salama?" halijibiki likiulizwa kwa ujumla. Livunje vipande: kuna kitu gani, kwa kiasi gani, kwenye koki ipi, na maji yalikingwa saa ngapi?

Katika maelezo haya, koki ni pale unapofungulia maji, na bomba ni njia inayoyaleta.

Fuata njia ya maji kabla ya kupima

Uchafu huingia mahali tofauti, na pale ulipoingilia ndipo panapoamua namna ya kuutafuta. Arseniki, floraidi na urani hutoka kwenye miamba, kwa hiyo ni mambo ya visima. Kiasi chake hakibadiliki sana kati ya nyumba na nyumba zinazotumia kisima kimoja, na sampuli moja ya kisima chenyewe inasema mengi. Nitrati hutoka kwenye mbolea, mazizi na vyoo, nayo hupanda na kushuka kwa majira, hasa mvua zinapoanza kusukuma kilichokusanyika ardhini. Sampuli ya kiangazi peke yake haitoshi.

Vijidudu vinaweza kutoka kwenye chanzo kisichotibiwa vizuri, lakini vingi huingia njiani. Maji yakikatika, bomba hubaki bila msukumo, na maji machafu yaliyo kwenye udongo hunyonywa ndani kupitia nyufa na maungio mabovu. Maji ya dakika za mwanzo baada ya mgao kurudi ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko yote: yamwage au yatumie kusafishia choo, usiyakinge kwa ajili ya kunywa.

Risasi ina habari yake. Ni nadra kutoka kwenye mtambo wa kutibu maji. Huyeyuka kutoka kwenye bomba linalounganisha nyumba na bomba kuu, kwenye lehemu ya maungio, na kwenye koki za shaba ya manjano. Nyumba mbili zinazopakana ukuta zinaweza kuwa na majibu yasiyofanana hata kidogo. Kwa hiyo taarifa inayosema "risasi haikupatikana kwenye maji yanayotoka mtamboni" inaweza kuwa kweli tupu na bado isikuhusu. Kinachoiamsha risasi mara nyingi ni mabadiliko ya kemia ya maji. Mjini Washington, Marekani, klorini ya kawaida ilipobadilishwa kuwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) mwaka 2000, utando uliokuwa umeifunika risasi ndani ya mabomba ya zamani ulivurugika na viwango vikapanda. Flint, jimbo la Michigan, mwaka 2014 mji ulibadili chanzo cha maji bila kuongeza fosfati ya kuzuia mabomba yasiliwe, risasi ikapanda kwenye maji ya kunywa, na dunia nzima ikasikia. Ukisikia chanzo au dawa ya maji imebadilishwa, huo ni wakati wa kupima upya, hata kama majibu ya zamani yalikuwa mazuri.

Ili kujua bomba lako ni la nini, tafuta linapoingia nyumbani, kwa kawaida karibu na mita. Likwaruze kidogo kwa kisu au sarafu, kisha lijaribu kwa sumaku. Risasi ni laini, mkwaruzo wake hung'aa kama fedha, na sumaku haishiki. Sumaku ikishika, ni bomba la chuma, pengine lililopakwa zinki. Mkwaruzo wa rangi ya dhahabu iliyoiva ni shaba nyekundu. Hapo kagua maungio, kwa kuwa lehemu za zamani zilichanganywa na risasi. Bomba la plastiki halina wasiwasi huu, ila koki iliyo mwisho wake inaweza kuwa nao.

Kusoma ripoti ya maji

Omba ripoti ya ubora wa maji kwa anayewauzia, na uombe majibu ya kila sampuli, si wastani peke yake. Wastani huficha. Sampuli kumi zikiwa tisa safi na moja chafu sana, wastani utatulia chini ya kiwango huku mtaa mmoja ukinywa uchafu. Tafuta pia tarehe na mahali sampuli ilipochukuliwa. Namba isiyo na mahali wala tarehe haina kazi.

Kisha angalia vipimo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Miligramu 1 kwa lita (mg/L) ni sawa na mikrogramu 1,000 kwa lita (µg/L), na mikrogramu 1 ni nanogramu 1,000. Risasi ya 10 µg/L na risasi ya 0.01 mg/L ni kitu kimoja. Mtu akisoma "10" bila kutazama kinachofuata, atakosea mara elfu.

Mtego wa pili uko kwenye nitrati. Maabara nyingine huandika nitrati nzima, nyingine huandika naitrojeni iliyo ndani yake tu. Ukiona "NO₃-N" au "kama N", zidisha kwa 4.43 upate nitrati nzima. Majibu ya 11 kama N ni takriban 50 kama nitrati, yaani yako mpakani kabisa, kwa kuwa kiwango cha mwisho cha nitrati nzima ni 50 mg/L. Asiyejua atayaona yako mbali na hatari.

Mtego wa tatu ni alama ya "<" (chini ya). Haina maana ya sifuri. Ina maana kwamba mashine haikuweza kuona chini ya hapo. Ripoti ikisema risasi ni "<0.05 mg/L", haijakuambia kitu, kwa kuwa kiwango cha mwisho ni 0.01. Maji yenye risasi mara nne ya kiwango yangepata jibu hilo hilo la kupendeza. Kabla ya kulipia kipimo cha risasi au arseniki, iulize maabara inaweza kuona hadi kiasi gani. Jibu zuri ni 0.001 mg/L au chini yake.

Namba za kulinganishia

Hizi ni namba elekezi za Shirika la Afya Duniani. Nchi yako inaweza kuwa na viwango vyake, na hivyo ndivyo vyenye nguvu ya kisheria.

E. coli (bakteria wa kinyesi): isionekane hata moja katika mililita 100. Arseniki 0.01 mg/L, risasi 0.01, kadmiamu 0.003, zebaki 0.006, urani 0.03, shaba 2, manganizi 0.08. Floraidi 1.5 mg/L. Nitrati 50 mg/L na nitriti 3 mg/L, zote zikihesabiwa nzima. Klorini isizidi 5 mg/L, na kwa kulinda afya isishuke chini ya 0.2 mg/L kwenye koki.

Nitrati na nitriti hazisomwi kila moja peke yake. Gawa nitrati kwa 50, gawa nitriti kwa 3, kisha jumlisha; jibu lisizidi 1. Maji yenye nitrati 40 na nitriti 0.9 yanaonekana kupita mitihani yote miwili, lakini 0.8 na 0.3 ni 1.1, na hayo hayafai kumkorogea mtoto mchanga maziwa ya kopo.

Si namba zote zina uzito mmoja. E. coli inaweza kukuumiza leo jioni. Nitrati ni hatari ya siku chache kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa kuwa huzuia damu yake kubeba oksijeni hadi midomo na kucha zikageuka rangi ya samawati. Arseniki na floraidi ni za miaka. Floraidi ikizidi 1.5 huanza na madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na maji ya 3 hadi 6 yakinywewa kwa miaka mingi hugusa mifupa. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa hakimdhuru mtoto. Ile 0.01 iliwekwa kwa kutazama kinachowezekana kufikiwa, kwa hiyo kuwa chini yake kidogo si sababu ya kutulia.

Kuchukua sampuli bila kuiharibu

Maabara hupima kile kilichomo kwenye chupa. Ukikosea kukinga, hata mashine bora itakupa jibu safi la swali ambalo hukuuliza. Pata chupa kutoka maabara yenyewe. Usitumie chupa ya soda iliyooshwa.

Kwa risasi na shaba, maji yanatakiwa yawe yamelala bombani angalau saa 6. Njia rahisi ni usiku: asifungue mtu maji yoyote ndani ya nyumba, hata ya choo, na chupa ya kwanza ikingwe alfajiri kwenye koki ya jikoni, maji baridi, lita 1 nzima, tangu tone la kwanza. Fungua kwa nguvu ya kawaida. Ukifungua kidogo kidogo, chembe za risasi zilizoshika kutani hazitang'oka na jibu litatoka dogo kuliko hali halisi. Usiondoe kile kiwavu kilicho mdomoni mwa koki na usikisafishe usiku huo, kwa sababu kila siku maji mnayokunywa hupitia hapo. Akija mtu wa kupima akakuagiza ufungulie maji dakika kadhaa usiku kabla hayajalala, jua kwamba sampuli hiyo itapendelea jibu dogo.

Lita hiyo ya kwanza inaeleza habari za koki na maungio ya karibu tu. Bomba la nusu inchi hubeba takriban lita 0.13 hadi 0.15 kwa kila mita, kwa hiyo maji yaliyolala kwenye bomba la nje, mita 30 kutoka jikoni, huja kwenye lita ya nne au ya tano. Kama bomba la kuingilia ni la risasi, kinga chupa 10 za lita moja moja mfululizo bila kufunga koki, ziandike namba kwa mpangilio, na upeleke angalau ya 1, ya 5 na ya 10. Ya 1 ikiwa juu na ya 5 chini, tatizo ni koki. Ya 5 ikiwa juu kuliko ya 1, tatizo liko nje, na kubadilisha koki kutakupotezea fedha.

Kwa vijidudu, kila kitu hugeuka. Hapa kiwavu cha mdomoni kinaondolewa, mdomo wa koki unafutwa kwa spiriti ya asilimia 70 (koki ya chuma unaweza kuipitishia moto), kisha maji yanaachwa yatiririke dakika 2 hadi 3 ndipo ukinge. Chupa iwe iliyotakaswa, na kwa maji ya klorini iwe na unga au matone ya thiosulfati ya sodiamu. Usiisuuze! Unga huo mweupe mdogo unazuia klorini isiendelee kuua vijidudu njiani. Ukiusuuza, vitakufa kabla ya kufika na utaambiwa maji ni safi. Usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, usikiweke kifuniko mezani, na acha nafasi ya hewa ya sentimita 2 hivi ili sampuli iweze kutikiswa. Iweke kwenye kisanduku chenye barafu, gizani, isigande, ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana na isipite saa 24.

Nitrati nayo inataka barafu na saa zisizozidi 48. Floraidi ikingwe kwenye plastiki, maana hushambulia glasi. Kwa trihalomethani, zinazozaliwa klorini inapokutana na mabaki ya majani na udongo majini, ni kinyume: kichupa cha glasi kijazwe hadi juu pasibaki hata povu moja, kwa kuwa gesi hizo hukimbilia hewani. Hizi zikingwe kwenye nyumba iliyo mwisho kabisa wa mtandao, ambako maji yamekaa na klorini muda mrefu zaidi.

Kwenye kila chupa andika tarehe, saa, koki, maji yalilala muda gani, na kama yalipita kwenye chujio au tangi. Mwezi ujao hutakumbuka.

Unachoweza kupima mwenyewe

Kipimo chenye faida kubwa kwa fedha kidogo ni cha klorini kwa vidonge au unga wa DPD. Maji yakiwa na klorini hugeuka ya waridi, na ukilinganisha na kadi ya rangi unapata namba. Pima palepale, kivulini, ndani ya dakika moja, kwa sababu klorini hupotea kwa jua na kwa kukaa. Chagua DPD inayopima klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu. Matone ya zamani yanayogeuza maji kuwa ya njano hupima klorini yote kwa pamoja, hata ile iliyokwisha nguvu. Rangi ya waridi ikitokea kisha ikafutika ghafla, usiandike sifuri: huenda klorini ni nyingi mno hadi inaipausha rangi yenyewe. Changanya sehemu 1 ya maji na sehemu 9 za maji yasiyo na klorini, pima tena, uzidishe kwa 10.

Mita ndogo ya TDS imewadanganya wengi, tena mara nyingi mikononi mwa wauza machujio. Inapima jumla ya chumvi zinazopitisha umeme, basi. Haioni kijidudu, haioni dawa ya wadudu. Tuseme maji yana chumvi 300 mg/L na risasi 0.02, ambayo ni mara mbili ya kiwango: risasi hiyo ni sehemu 1 kati ya 15,000 ya kile kinachosomwa. Mita haitatikisika. Kipimo chake kikubwa kinaweza kuwa ni kalisiamu isiyodhuru, na kidogo kinaweza kuwa na arseniki ndani yake.

Vijiti vya rangi vya nitrati na floraidi hufaa kwa kuchuja nyumba zipi zipelekwe maabara. Vijiti vya risasi usivitegemee. Kwa vijidudu kuna chupa za ndiyo-au-hapana zinazokaa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 24: rangi ya njano inaonyesha kolifomu (kundi la bakteria ambalo E. coli ni mmojawapo), na ikiwaka samawati chini ya taa ya urujuanimno (UV) ni E. coli. Kolifomu peke yake inaweza kutoka kwenye udongo au utelezi wa ndani ya bomba. E. coli hutoka kwenye kinyesi. Ikionekana mara moja inatosha kuchukua hatua. Isipoonekana mara moja haitoshi kutulia.

Majibu yakija mabaya

Hapa ndipo madhara hufanyika kwa nia njema, kwa sababu tiba ya uchafu mmoja inaweza kuuzidisha mwingine.

Ikiwa ni vijidudu, chemsha. Maji yatokote kabisa kwa dakika 1. Mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kwenye joto dogo zaidi. Yapoe ndani ya chombo hicho hicho kikiwa kimefunikwa. Kama kuni au gesi ni tatizo, tumia klorini ya maji isiyo na manukato wala sabuni. Hesabu yake ni hii: lita za maji mara miligramu unazotaka kwa lita, gawa kwa asilimia ya dawa mara 10, unapata mililita. Ndoo ya lita 20, maji meupe, 2 mg/L, dawa ya asilimia 5: 20 × 2 ÷ 50 ni mililita 0.8. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa kisha weka maradufu. Subiri dakika 30. Klorini huru ikisoma kati ya 0.2 na 2 mg/L umefaulu. Ikisoma sifuri, uchafu umeila yote, ongeza na usubiri tena. Dawa ya kimiminika hudhoofika ikikaa kwenye joto, kwa hiyo chupa ya mwaka jana usiihesabu kuwa ina asilimia iliyoandikwa.

Klorini ina adui mmoja inayeshindwa kumuua kwa dozi za kawaida, naye ni kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha. Huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1993 alipita kwenye mitambo ya mji wenye maji ya klorini, na takriban watu 400,000 waliugua. Kuchemsha kunamuua, mwanga wa urujuanimno unamuua, na chujio lenye matundu ya uhakika yasiyozidi mikroni 1 linamzuia. Taa ya urujuanimno inataka maji meupe, na balbu ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu nguvu ya kuua huisha kabla ya mwanga unaoonekana kwisha.

Ikiwa ni nitrati, arseniki, floraidi au risasi, usichemshe ukidhani unatibu. Mvuke huondoka, madini hubaki. Lita 10 zenye nitrati 40 zikichemka hadi zikabaki 7.5, nitrati imefika 53, na maji yaliyokuwa chini ya kiwango sasa yamekipita. Maji yenye tatizo hili na vijidudu pamoja yatokote dakika ileile moja (au 3 juu ya mita 2,000), yakiwa yamefunikwa, wala si zaidi.

Chujio la mkaa huondoa klorini, harufu na baadhi ya dawa za wadudu. Haliondoi nitrati wala floraidi. Risasi huondolewa tu na mkaa uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Tafuta alama ya NSF/ANSI 53 (NSF/ANSI ni viwango vya Marekani vya kupimia machujio) yenye neno la risasi kwenye orodha ya lile chujio, maana 42 peke yake ni ya ladha na harufu. Libadilishwe kwa lita zilizoandikwa, si kwa ladha. Chujio lililojaa halitoi taarifa, na mkaa uliokaa na maji bila klorini huwa makazi ya bakteria.

Mashine ya kuchuja kwa utando (reverse osmosis, au RO) hupunguza nitrati, floraidi, risasi na arseniki (alama yake ni NSF/ANSI 58), lakini humwaga lita kadhaa kwa kila lita moja inayotoa. Arseniki ya visima visivyo na hewa huwa ya aina inayopenya utando kirahisi. Ikikutana kwanza na klorini hugeuka kuwa aina inayozuilika. Kwa hiyo pima arseniki kwenye maji yanayotoka mashineni, usiridhike na maelezo ya kwenye boksi. Kwa floraidi peke yake kuna alumina amilifu na mkaa wa mifupa, vyote vikihitaji kurejeshewa nguvu au kubadilishwa. Mashine za kubadilishana chumvi zinazoondoa nitrati zina tabia mbaya moja: zikichoka, huachia nitrati zilizokuwa zimeishika yote kwa mkupuo, na maji yanayotoka yanaweza kuwa mabaya kuliko yanayoingia.

Kwa risasi, wakati mnasubiri bomba libadilishwe: tumia maji baridi kwa kunywa na kupikia, kwani ya moto huyeyusha zaidi. Asubuhi fungulia hadi maji ya ndani ya bomba lote yabadilike. Bomba la nusu inchi la mita 30 linabeba lita 4 hivi, kwa hiyo mwaga kama 8, ukizitumia kwa usafi. Safisha kiwavu cha koki kila mwezi. Na bomba la risasi likibadilishwa, libadilishwe lote. Kukata nusu na kuunganisha kwa shaba nyekundu hutikisa utando wa ndani, na risasi inaweza kupanda kwa wiki au miezi kabla ya kushuka.

Usisahau tangi. Maji safi yanayoingia kwenye tangi chafu ni kazi bure. Limwage, sugua kuta, toa tope lililolala chini, lijaze, kisha weka klorini ya 50 mg/L: kwa lita 1,000 ni lita 1 ya dawa ya asilimia 5, au gramu 77 za unga wa asilimia 65 uliokorogwa kwanza kwenye ndoo. Fungua kila koki hadi isikike harufu ya klorini, funga, acha saa 12 hadi 24, mwaga yote, suuza. Mtu asiingie ndani ya tangi lenye dawa, wala lililofunikwa muda mrefu, bila hewa kupita na mwenzake kusimama nje.

Kufanya hivi kama mtaa

Koki moja hubishaniwa, koki kumi hazibishaniwi kirahisi. Chagueni nyumba kwa makusudi: moja karibu na bomba kuu, mbili za mwisho wa mtandao, moja ya mlimani ambako msukumo ni mdogo, moja ya zamani na moja mpya, kisha shule na zahanati. Shule ipimwe Jumatatu asubuhi, maji yakiwa yamelala siku mbili bombani.

Pimeni klorini kwenye nyumba zote siku moja, ndani ya saa mbili, muandike namba kwenye ramani ya kuchora kwa mkono. Ikishuka polepole, tuseme 0.8, 0.6, 0.4, hiyo ni kawaida ya maji kusafiri. Ikianguka ghafla kati ya nyumba mbili za jirani, kutoka 0.6 hadi 0.1, kuna kitu kinachoila hapo katikati: bomba lililopasuka karibu na mfereji wa maji taka, au tawi lisilotembea maji. Kipande hicho ndicho cha kuchukulia sampuli za vijidudu na ndicho cha kutajwa kwenye barua.

Barua iwe fupi na iombe vitu vinavyojibika: majibu ya kila sampuli ya miezi 12 iliyopita pamoja na mahali na tarehe, klorini inayotoka mtamboni kila siku, dawa gani inawekwa kuzuia mabomba yasiliwe na kwa kiasi gani, na bomba la kila nyumba ni la nini kwa kumbukumbu zao. Ambatanisheni nakala za majibu yenu, pamoja na maelezo ya namna sampuli zilivyokingwa, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza litakalopingwa. Chupa nyingine ikingeni mkiwa na mwakilishi wao, koki ileile na saa ileile, kila upande uende na ya kwake.

Bomba likitengenezwa, rudieni kipimo cha vijidudu mara mbili, kwa siku tofauti, kabla ya kuacha kuchemsha. Kwa risasi subirini hadi bomba jipya litumike miezi kadhaa ndipo mpime ya kuamini, na hadi hapo mtoto mdogo aendelee kupewa maji yaliyopita kwenye chujio.